Mwaka wa Saini ya Mutheu

Tulipomzika Mutheu mwezi uliopita, binti yake alisimama kando ya jeneza na karatasi mbili mkononi akatusomea maisha ya mama yake. Alisoma vizuri, bila kukimbia, na alipofika kwenye kazi akasema kwamba mama yake alikuwa muuguzi kwa miaka zaidi ya thelathini, Kitengela, Rongai na kwingineko, isipokuwa mwaka mmoja ambao alichukua mapumziko. Mapumziko! Nilikuwa nimeketi kiti cha tatu kutoka mbele, na neno hilo nililisikia wazi. Mutheu niliyemjua mimi hakujua kupumzika. Hata akiugua malaria angeamka kitandani kukunja nguo zangu, akilalamika kwamba mimi nakunja kama mtu anayefunga kabichi. Mwaka ule hakuupumzika, aliachishwa kazi, na sababu ni mimi. Binti yake hajui, au anajua na ameamua kumsitiri mama yake. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata shauri. Mimi ndiye niliyebaki ninayeujua mwaka huo kutoka ndani, na nitauandika jinsi ulivyokuwa, pamoja na sehemu ninazozionea haya.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kitengela haikuwa mji bado. Ilikuwa barabara ya Namanga na mistari miwili ya maduka, mabucha mengi kupita kiasi, na nyuma yake ploti za vyumba vya mabati zilizoota haraka kwa ajili ya watu wa viwandani Athi River. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unakushika kiatu na unakwenda nacho. Kukiwa kukavu, upepo unaleta vumbi la simiti mpaka kwenye chai. Mutheu na mimi, wanawake wawili, tulikodi chumba kimoja, tukakigawa kwa pazia la maua ya manjano: upande wake kitanda na Biblia ya Kikamba, upande wangu kitanda na redio. Stovu ilikaa katikati, mlangoni. Siku zake za kupika tulikula muthokoi, ule wa mahindi yaliyokobolewa, na siku zangu tulikula ugali na mboga za kienyeji. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake angemuua kwa njaa. Sote wawili tulifanya kazi katika kliniki moja ya kibinafsi yenye vitanda kumi na viwili. Mwenye kliniki tulimwita Daktari, mtu mrefu, mpole kwa wagonjwa na mkali kwetu.

Kulikuwa na desturi pale wodini ambayo sijaikuta imeandikwa katika kitabu chochote cha uuguzi, na bado nimeikuta kila mahali nilipofanya kazi. Kila mgonjwa ana chati ya dawa: jina la dawa, kiasi, njia ya kuitoa, saa, na kisanduku kidogo cha saini. Anayetoa dawa ndiye anayepaswa kusaini, na anasaini baada ya kutoa. Sheria ni hiyo tu, mtoto wa shule anaweza kuielewa. Lakini saa nane mchana shifti zinapobadilishana, mmoja anavua aproni na mwingine anavaa, ripoti inatolewa kwa midomo huku mkoba uko begani, na anayeondoka anasema, "Nisainie." Anayeingia anachukua kalamu na kusaini visanduku vyote vilivyobaki, kwa dawa ambazo hakuziona zikitolewa. Tulifanya hivyo kwa upendo, kwa sababu kumkatalia mwenzako ingekuwa kumwambia humwamini. Nimewasainia watu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na Mutheu alinisainia mimi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa Aprili, wodi imejaa malaria. Kitanda cha nne alilala Naserian, msichana wa miaka saba, ameletwa na mama yake kutoka ndani ya Kisaju akiwa na homa ya kutetemeka. Daktari aliandika kwinini kwa dripu, saa sita mchana. Dripu ya kwinini inateremka polepole, saa nne nzima, na inataka kuangaliwa. Saa sita mimi sikuwa wodini. Nilikuwa nimejifungia stoo ya mashuka, nimekalia mfuko wa sabuni, najaza fomu. Ilikuwa fomu ya kurudi chuoni ili nitoke kwenye cheti cha chini na kuwa muuguzi kamili, na ilihitaji muhuri wa ofisi ya wilaya kule Kajiado kabla hawajafunga siku hiyo hiyo. Niliijaza kwa mwandiko wa kupendeza. Nilipotoka ilikuwa saa nane kasorobo, na mtoto wa kitanda cha nne hajawekewa chochote. Ningeweza kumwambia Mutheu akiingia, "Dripu ya saa sita sikuiweka." Angenigombeza, angeiweka, na leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini sikutaka kugombezwa wala kuchelewa. Dripu ni saa nne, sindano ni dakika moja; nikaivuta kwinini kwenye sirinji.

Desturi yetu nyingine ilikuwa kwamba akina mama wangoje koridoni mtoto anapodungwa, kwa sababu wakikaa wanalia kuliko watoto. Nikawatoa akina mama wote pamoja, mama yake Naserian akiwamo; kwao sisi sote tulikuwa aproni tu. Nikamgeuza mtoto alale kifudifudi, nikamdunga tako la kulia, kwa haraka, chini zaidi na ndani zaidi ya pale mwalimu wangu aliponionyesha kwa chaki. Mguu ukaruka. Nikamaliza dawa, nikafunika trei, nikakutana na Mutheu mlangoni akifunga vifungo vya aproni. "Kwinini ya kitanda cha nne imeenda," nikamwambia. "Nisainie, nimechelewa." Yeye akasema, "Enda, enda, wewe na Kajiado yako." Hakuuliza mbona dripu haining'inii kando ya kitanda. Nikaondoka mbio. Muhuri niliupata zikiwa zimebaki dakika kumi.

Homa ya Naserian ilishuka, na siku ya tatu walimruhusu aende nyumbani. Alipotelemka kitandani, wayo wa kulia haukunyanyuka. Uliburuta sakafuni, vidole vikitangulia. Mama yake alifikiri ni udhaifu wa ugonjwa. Mimi nilisimama na mashuka mikononi nikautazama ule wayo, na nilijua papo hapo. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaopita pale, kila muuguzi anafundishwa kuuepuka mwezi wa kwanza wa mafunzo. Nilijua, na nikaenda kubadilisha shuka la kitanda cha tisa.

Wiki mbili baadaye baba yake alikuja, pamoja na mke wake na mtoto. Aliitwa Parsaloi, mtu mfupi, mtulivu, mwenye koti la kijivu juu ya shuka lake jekundu. Alikuwa amempeleka mtoto hospitali kubwa na huko wameandika kwamba mshipa umeumizwa na sindano. Daktari akatoa chati, akaisoma kwa sauti: kwinini, kwa dripu, imesainiwa. "Hapa hakuna sindano," akasema. Parsaloi akamwomba mke wake aonyeshe alama iliyobaki kwenye tako la mtoto. Karatasi ilisema dripu na mwili ulisema sindano. Daktari akamwita Mutheu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwenye chumba cha kufunga vidonda, na nilisikia kila neno.

"Sista, hii saini ni ya nani?"

"Saini ni yangu, Daktari."

"Ni wewe ulidunga huyu mtoto?"

Niliacha kukata bandeji. Kisha nikamsikia tena, kwa sauti ile ile, "Saini ni yangu."

Hakuongeza neno. Hakudanganya na hakunitaja. Jioni ile ilikuwa zamu yake ya kupika. Alipika, akapakua, akaniwekea sahani yangu na kusema kwamba chumvi imeisha. Tulikula. Nilingoja aniulize ili nipate pa kuanzia, naye hakuniuliza. Tulilala hivyo, pazia la maua katikati. Tukaendelea hivyo Mei, Juni, Julai. Leo wanafunzi wangu wa uuguzi wakiniuliza uoga ni nini hasa, siwaambii habari za simba. Nawaambia ni kula muthokoi wa mtu kwa miezi saba na kumsifia mapishi.

Katika miezi hiyo walijaribu kuyamaliza nje ya korti. Wazee wa pande zote walikaa nyuma ya kliniki, na Daktari akajitolea kutoa ndama jike na kulipia matibabu. Kwa watu wa Parsaloi hilo si jambo geni. Mtu akiumiza mtu, pande mbili hukaa, kitu kikatolewa, wakapatana. Lakini anayetoa lazima awe ndiye aliyefanya, au watu wake kwa niaba yake, akitajwa jina. Parsaloi aliuliza ni mkono wa nani. Daktari akamjibu kwamba kliniki ndiyo inayotoa, na kwamba karatasi inaonyesha jina la nesi. Parsaloi akainuka.

"Mimi sitaki ng'ombe ya karatasi," akasema. "Karatasi haina mkono. Huyo mama wa saini nimemuuliza, ananiambia saini ni yake, hasemi mkono ni yake. Mimi sipatani na karatasi. Nipeeni mtu."

Nilikuwa nagawa chai. Nilimpa kikombe akakipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Kisha akaenda Kajiado kutafuta wakili.

Wakili wa kliniki alikuja Oktoba, kijana mwenye viatu vilivyong'aa ambaye udongo wetu haukumhurumia. Alituketisha mmoja mmoja, na mimi akanieleza mpango wao kana kwamba ananifanyia hisani. Daktari aliagiza dripu, agizo limeandikwa. Nesi mmoja alikaidi agizo, akadunga, kisha akasaini kana kwamba ametii. Kwa hiyo kosa ni la nesi huyo peke yake, na kliniki itasema ilimwajiri kwa nia njema. "Wewe utasema tu kile kiko kwa chati," akaniambia. "Ulikuwa unatoka, yeye alikuwa anaingia. Usiongeze." Sikuwa na haja ya kuongeza. Barua ya chuo ilikuwa imeshafika, nilitakiwa kuripoti Januari. Kila kitu kilikuwa kimenipangia njia, na njia yenyewe ilipita juu ya mgongo wa Mutheu.

Watu huniuliza niliamua lini. Wangependa niwaambie niliota ndoto au nilisikia mahubiri. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa Novemba, wiki ya kesi. Mutheu alikuwa amezoea kusali alfajiri kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, na mimi Kikamba changu kilikuwa cha sokoni tu. Siku ile nilisikia jina langu. Nekesa, kisha maneno, kisha Nekesa tena. Nikakaza masikio nikitarajia laana. Nililoambulia ni neno moja nililolijua vizuri, kwa sababu kila siku alilitumia kwangu nikichelewa kuoga: kungoja. Alikuwa anamwambia Mungu kwamba bado ananingoja. Nilikaa kitandani na hasira ikanipanda, kwanza juu yake, kwa nini asinishike shingo kama mtu wa kawaida, halafu juu yangu, na hiyo ya pili ikabaki. Nilivaa sare yangu, nikapiga pasi kola ikiwa imeshavaliwa, na kufikia wakati wa chai sikuwa na swali tena. Sikumwambia Mutheu. Hilo ni kosa langu jingine.

Mahakama ya Kajiado ilikuwa chumba cha mawe chenye madirisha ya juu, mabenchi yaliyolainishwa na makalio ya watu, na joto la bati. Mama yake Naserian alizungumza kwanza, kwa Kimaasai, karani akitafsiri. Hakulia. Alisema mtoto wake alikuwa akikimbia mbele ya mbuzi na sasa anatembea nyuma yao. Halafu wakaniita mimi. Nikashika Biblia, wakili wa viatu akasimama, akaniuliza kama ninaitambua chati. Nikasema naitambua. Akaniuliza saini iliyo kwenye kisanduku cha kwinini ni ya nani.

"Ni ya Sista Mutheu," nikasema. "Lakini sindano ni yangu."

Akaniambia nijibu swali tu. Hakimu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, akainua kalamu. "Mwache. Sista, rudia polepole, ninaandika kwa mkono."

Nikarudia polepole. Nilisema saa sita nilikuwa stoo nikijaza fomu. Nilisema sikuweka dripu, nilidunga ili kuficha kwamba sikuiweka, nilidunga mahali pasipofaa, na nilimwambia mwenzangu anisainie na yeye akasaini kwa kuniamini. Daktari aliniangalia kana kwamba nimevua nguo. Hakimu akaniuliza kama ninajua ninachojiletea. Nikasema najua, kumbe nilijua nusu yake tu. Kisha akamgeukia Mutheu na kumuuliza kama yanayosemwa ni kweli, na kama ni kawaida yake kusaini kitu ambacho hakukiona. Mutheu akasimama. "Ni kweli, mheshimiwa. Na ni kawaida yetu sote." Hakimu aliandika hilo pia, akaliandika kwa muda mrefu.

Nilifikiri nimemwokoa. Tulipotoka nje nilimfuata kwenye kivuli cha ukuta nikiwa nimejaa ile raha ya mtu aliyetapika. Nikamwita. Akageuka, na sijawahi kutazamwa vile tena na mtu yeyote.

"Ungesema Aprili, Nekesa, ningekuwa nesi alisaini vibaya. Wangenipa onyo, basi. Umesema leo. Miezi saba nimekaa na hiyo saini kama ni ukweli. Sasa mimi ni mwongo na wewe ni shujaa."

"Mbona hukunitaja?"

"Nilikuwa nakungoja! Mtu anataja dada yake? Nilikuwa nakupikia nakungoja!"

Alikuwa sawa, na yaliyofuata yalithibitisha hivyo. Baraza linalotupa leseni lilininyang'anya yangu kwa miaka miwili, na Mutheu yake kwa mwaka mmoja, kwa sababu saini ni kiapo na aliapa asichokiona. Huo ndio mwaka ambao binti yake anauita mapumziko. Aliuza nyanya Rongai, nyuma ya nyumba za kupanga, akisimama toka asubuhi. Mahakama iliamua kliniki na mimi tubebe kosa pamoja, kwamba mwajiri hawezi kujificha nyuma ya nesi mmoja wakati desturi ya wodi yake anaijua. Chuo kilimpa mtu mwingine nafasi yangu. Mutheu na mimi tulikaa miaka mitano bila kusalimiana, na tulipoanza tena tulianza kwa kuulizana bei ya mafuta ya taa, kama wageni. Hakuwahi kuniambia amenisamehe. Aliniambia mara moja, tukiwa tumezeeka, kwamba afadhali nilisema. Hilo neno afadhali nimelichukua, ni halali yangu.

Leseni iliporudi nilisoma tena, na nimefundisha wauguzi wengi tangu hapo. Nikiwaambia wasisainiane wananiitikia kwa adabu, na najua Ijumaa saa nane wataambiana "Nisainie." Kwa hiyo siwaambii sheria peke yake. Sheria inamtafuta aliyesaini, na ni haki yake, maana haina macho mengine. Nawaambia kwamba nyuma ya kisanduku kile kuna mtu anayetaka kujua ni nani aliyemgusa, na kumficha jina hilo ni kumdunga mara ya pili. Wengine wanaandika. Wengine wanatazama saa.

Lakini siku ile ya Kajiado haikuishia ukutani kwa Mutheu. Parsaloi alikuwa amesimama mbali kidogo, akingoja tumalize. Alinikaribia, akanitazama mikono kwanza, kisha uso.

"Sasa nimepata mtu," akasema. "Lakini mimi si mwenye mguu. Utakuja nyumbani, umwambie yeye."

Nilikwenda Jumamosi. Kutoka Kisaju ni mwendo wa saa moja kwa miguu ndani ya mbuga. Mama yake alikuwa mlangoni, akaniamkia, "Takwenya," nikaitikia, "Iko," na sauti yangu nikaisikia ndogo. Naserian alitoka kwenye kivuli cha nyumba. Alikuja akiuburuta ule wayo, ukichora mstari mwembamba vumbini nyuma yake, akafika mbele yangu na kuniinamishia kichwa nimguse utosini, jinsi watoto wa kwao wanavyowasalimu wakubwa. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Nikaurudisha.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Ni mimi nilikudunga. Si yule sista mwingine. Ni mimi, nilikuwa na haraka, na nilidunga mahali pabaya. Ndio maana mguu wako uko hivyo."

Akainua kichwa. Alinitazama bila hasira, akitafuta kitu usoni mwangu.

"Nilikuwa nimelala hivi," akasema, akageuza shavu kunionyesha. "Sikukuona. Nililia sana. Ulisikia?"

Swali hilo wakili hakuniuliza, hakimu hakuniuliza, na baraza halikuja kuniuliza. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yangu, mama yake mlangoni. Ningeweza kusema wodi ilikuwa na kelele.

"Nilisikia," nikamjibu. "Nilisikia, na nikaendelea."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa amelijua hilo na alitaka tu kulisikia. Siku ile hakuniinamishia kichwa tena, nami nikateremka kurudi barabarani bila kumgusa. Jumamosi iliyofuata nilirudi kumnyoosha mguu kwa mazoezi, na ile iliyofuata, na ile iliyofuata.